Nyumba ya uani kwenye kiwanja chenye nyumba tayari: sheria inasemaje hasa?

#1 Binti_wa_Uani

Wakuu habari zenu.

Mama yangu ana miaka 67, anaishi peke yake Dar tangu baba afariki. Magoti yamemchosha. Mwezi uliopita aliteleza bafuni akakaa sakafuni mpaka binti wa jirani alipokuja kuomba chumvi. Nimeamua kurudi kuwa naye karibu, pamoja na mume wangu na watoto wawili. Nyumba ina vyumba vitatu, na mama mwenyewe ndiye aliyesema: "Nijengeeni kanyumba uani, nyie mkae huku mbele." Anataka chumba, kisebule, jiko na choo ndani, mlango mpana, pasiwe na ngazi hata moja. Tumepiga hesabu ya mita 6 kwa 6.

Kiwanja kimepimwa, mita 18 kwa 25, hati ipo. Nimeisoma jana usiku. Kwenye masharti imeandikwa kwa Kiingereza kwamba litajengwa jengo kuu moja tu, pamoja na majengo ya nje ya kawaida na ya lazima. Basi hapo ndipo nilipokwama. Kanyumba ka mama ni "jengo la nje la kawaida" au ni jengo kuu la pili?

Mwenyekiti wa mtaa anasema jenga tu. Fundi anataka kuanza Jumamosi. Mama mmoja tunayesali naye aliwekewa X nyekundu ya kubomolewa ukutani akiwa amefika kwenye linta. Naomba mwenye kujua sheria anisaidie, na aliyewahi kujenga uani aniambie yaliyomkuta.

#2 Kiguu_na_njia

Naweka kambi hapa, nami nina mpango huo huo. Pole kwa mama.

#3 Fundi_Goba

Dada, nimejenga mabanda ya uani zaidi ya 30 toka Kimara mpaka Goba. Sijawahi kuulizwa kibali cha banda. Kibali kinaulizwa cha nyumba kubwa, au ukijenga fremu za maduka zinazotazama barabara, maana hizo zinaonekana. Uani hakuna anayepita. Ukiwa na ukuta na geti, shusha mchanga usiku, weka kibao cha ukarabati, endelea. Nondo na simenti zinapanda bei kila siku, ukingoja karatasi utajenga nusu.

#4 Mpimaji_wa_zamani

#3, heshima yako fundi, lakini unampotosha dada wa watu. Kutoulizwa hakuna maana ya kuruhusiwa.

Sheria ya Mipango Miji ya 2007, kifungu cha 29, inasema hakuna mtu atakayeendeleza ardhi ndani ya eneo la mipango bila idhini ya mamlaka ya mipango. "Kuendeleza" ni pamoja na kujenga. Haikusema nyumba kubwa tu, wala haikusema uani ni huru. Baada ya idhini hiyo kuna kibali cha ujenzi cha halmashauri, siku hizi maombi yanaingizwa kwenye mfumo wa mtandaoni wa TAUSI. Unapeleka nakala ya hati na michoro iliyosainiwa na wataalamu, wakaguzi wanakuja kuona eneo.

Kuhusu maneno ya kwenye hati: yapo kwenye hati nyingi za makazi, si ya mama peke yake. Kwa uzoefu wangu wa miaka 22 ofisini, "majengo ya nje ya kawaida na ya lazima" maana yake jiko, stoo, choo, gereji na chumba cha mtumishi. Yaani jengo linalotegemea jengo kuu. Likishakuwa na jiko lake, choo chake na luku yake (mita ya umeme), afisa ana haki ya kusema hiyo ni nyumba ya pili.

#5 Nyoka_wa_Kibisa

Fundi_Goba kashushiwa kifungu kizima, mchanga wa usiku umegeuka ushahidi 😂 Pole fundi wetu.

#6 Mzee_wa_Ilala

Wanangu, mnalitazama jambo hili kama limeanza juzi.

Nimezaliwa kwenye nyumba ya Kiswahili. Mbele baraza, unaingia ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, mwisho wa ukumbi mlango wa uani. Uani kuna jiko, stoo, bafu, choo, na mara nyingi vyumba viwili vya nyongeza. Bibi yangu aliishi kimoja cha vyumba vile mpaka akafa. Wapangaji walikaa mbele, wenye nyumba tukakaa nyuma. Kariakoo nzima na Ilala zilijengwa hivyo, Mwingereza akiona, na viwanja akavigawa yeye.

Sasa niambieni: kitu kilichokuwapo kwenye kila nyumba ya mji huu kwa karibu miaka 100, kama hicho si cha "kawaida", cha kawaida ni kipi? Neno lile kwenye hati linabeba desturi ya mahali. Mama huyo na kanyumba kake ni wa kawaida kabisa.

#7 Kalamu_na_Wino

Shikamoo Mzee. Nakubaliana nawe nusu. Uani wa Kariakoo na banda la Oysterbay ni vitu viwili vyenye asili tofauti. Oysterbay palipimwa kwa ajili ya Wazungu, viwanja vikubwa, na boi kota ilichorwa nyuma tangu mwanzo kwa ajili ya mpishi na mtunza bustani. Maneno ya hati zetu yanafanana na ile ya Oysterbay, jengo kuu la bwana na kibanda cha nyuma cha mtumishi. Hayakumfikiria bibi yako. Ndiyo maana leo mtu akitaka kumweka mama yake uani inabidi tubishane kama mama ni "wa lazima".

#8 Mzee_wa_Ilala

Marahaba Kalamu. Hapo umenena. Hata neno kota lenyewe limetoka huko. Tulikuwa na Magomeni Kota, siku hizi pana maghorofa.

#9 Mama_Sinza

Dada #1, nakupa yaliyonikuta.

2014 nilijenga vyumba vinne vya kupangisha uani, Sinza. Mnajua viwanja vya huku vya ule mradi wa miaka ya 70, ni vidogo. Nilijenga mpaka ukutani kwa jirani, pande zote mbili. Kibali sikuwa nacho, fundi aliniambia hayo hayo ya #3. Wapangaji wakaingia, kodi ya miezi sita sita, nikafurahi.

Mwaka wa tatu choo kikajaa. Gari la majitaka likaja, dereva akavuta bomba, akaangalia, akaniuliza: "Mama, napita wapi?" Shimo lilikuwa nyuma ya nyumba kubwa na nilishafunga njia zote mbili za pembeni kwa vyumba. Bomba lilipita sebuleni kwangu, juu ya zulia, mbele ya wageni wa mkwe wangu. Mara ya pili tukapitisha dirishani. Mara ya tatu dereva akagoma, nikavunja chumba kimoja ili nipate njia. Chumba kilikuwa na mpangaji mwenye mtoto mchanga. Nilimrudishia kodi ya miezi minne na bado naona aibu nikikutana naye sokoni.

Kwa hiyo zile mita za kuacha pembeni ambazo tunaona ni usumbufu wa serikali, ndiyo njia ya bomba, na siku ya moto ndiyo njia yako ya kutokea. Fuata kibali, dada. Na kabla ya kibali, jua shimo lako liko wapi.

#10 Fundi_Goba

Mama Sinza, hilo la bomba ni kweli, nimeliona Tabata. Sikubaliani na kibali ila kwenye njia nakuunga mkono. Mimi huwa naacha mita moja.

#11 Mpimaji_wa_zamani

Fundi, mita moja haitoshi. Kwa viwanja kama hivi manispaa husimamia mita 1.5 pembeni, na mbele zaidi ya hapo.

Tumpigie dada hesabu. Binti_wa_Uani, nyumba kubwa ina vipimo gani na imekaa wapi?

#12 Binti_wa_Uani

Asanteni sana wote. Mama Sinza, umenifanya nitoke na tochi usiku kutafuta mfuniko wa shimo. Uko chini ya maua, kushoto.

Nyumba ina upana wa mita 12, kina mita 10. Mbele imeacha mita 5. Nyuma inabaki 10. Tatizo la pili: kona ya kulia kuna mwembe, baba aliupanda mwaka niliozaliwa. Mama hataki hata kusikia neno panga.

#13 Mpimaji_wa_zamani

Vizuri. Kina 10 za nyuma, toa banda 6, toa 1.5 za ukuta wa nyuma, inabaki 2.5 kati ya nyumba na nyumba. Inapitika. Eneo: nyumba 120, banda 36, jumla mita za mraba 156 kati ya 450, karibu asilimia 35 ya kiwanja. Hapo huwezi kuambiwa umejaza.

Mwembe ndio wa kuutazama. Mwembe wa umri huo mizizi yake haiheshimu msingi wa tofali.

#14 Wakili_mtazamaji

Mnajadili mita na miti, mimi nauliza swali moja: hati ina jina la nani?

#15 Binti_wa_Uani

La marehemu baba.

#16 Wakili_mtazamaji

Niliogopa hilo. Mirathi ilifunguliwa?

#17 Binti_wa_Uani

Hapana. Tulikaa kikao cha familia baada ya arobaini, tukakubaliana nyumba ni ya mama mpaka mwisho wa uhai wake. Hakuna aliyekwenda mahakamani. Tuko wanne, na kaka mkubwa wa mama mwingine.

#18 Wakili_mtazamaji

Dada, weka simenti kando kwanza.

Moja, kibali kinaombwa na mmiliki. Mmiliki kwenye karatasi ni marehemu, na marehemu hasaini fomu. Anayeweza kusimama badala yake ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mwenyekiti wa mtaa na mama hawana mamlaka hayo, wala kikao chenu hakina.

Mbili, na hili ndilo linalonikosesha usingizi kwa kesi ninazoziona. Ukijenga kwa fedha yako kwenye ardhi isiyo yako, jengo linafuata ardhi. Siku mama akiondoka, warithi watagawana kiwanja pamoja na kile ulichojenga. Utasema "nilijenga mimi", watakuuliza karatasi. Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 64, inataka mikataba ya kuhamisha maslahi ya ardhi iwe kwa maandishi. Maneno ya kikao cha arobaini hayatakusaidia.

Sisemi usijenge. Nasema fungueni mirathi, Mahakama ya Mwanzo inatosha kama mirathi inafuata sheria ya Kiislamu au ya kimila, muhtasari wa kikao cha familia mnao tayari kama uliandikwa. Kaka mkubwa awepo kuanzia siku ya kwanza.

#19 Dogo_Mbagala

Wakili kanikumbusha kidonda. Nilijenga chumba na sebule uani kwa mzee, 2011, Mbagala. Kwa mkono wangu, tofali nilifyatua mwenyewe, 1,400. Mzee alinionyesha mahali kwa fimbo: "Jenga hapa mpaka hapa." Amefariki 2019. Ndugu zangu wameuza kiwanja chote, nikapewa fungu sawa na wengine, na mnunuzi amekigeuza chumba changu stoo ya magodoro. Mahakamani waliniuliza nani alishuhudia ile fimbo. Aliyeshuhudia ni mama, naye alishatangulia.

Sina la kuongeza. Andika, dada.

#20 Kiguu_na_njia

Pole sana Dogo. Imeniuma.

#21 Mwana_Buru

Salamu kutoka Nairobi. Huku tunaita SQ, yaani nyumba ya mtumishi ya uani, na vita ni vilevile. Nimekulia Buruburu, zile nyumba za miaka ya 70 na 80 zenye ua mdogo. Leo karibu kila ua umejengwa, wengine ghorofa mbili juu yake.

Kwetu kuna Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Kujenga bila ruhusa ya kaunti ni kosa, faini hadi shilingi 500,000 za Kenya au kifungo cha hadi miezi miwili, au vyote. Lakini sheria hiyo hiyo inamlinda mwananchi upande mmoja: ukiomba na usijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 60, inahesabiwa umeruhusiwa. Nyinyi mna kitu kama hicho?

Na ukipangisha, kodi ya pango ni asilimia 7.5 ya mapato ghafi tangu Januari 2024, kwa wanaopata zaidi ya 288,000 kwa mwaka. Awali ilikuwa 10.

#22 Msukuma_Sacramento

Wadau, mimi ni Mtanzania niko California, jambo hili hapa ndilo gumzo la mtaa. Nami nimegeuza gereji yangu kuwa nyumba ndogo, mama mkwe anaishi humo, kwa hiyo nimelipitia kwa mkono.

Zamani miji ya huku ilikuwa inazuia kwa ujanja: kiwanja kiwe kikubwa, uwe na maegesho ya ziada, ulipe ada nzito. Jimbo likachoka. Kuanzia 2016 likaanza kuwabana, na sheria zilizoanza kazi Januari 2020 ndizo zilizofungua mlango. Mji hauruhusiwi kuweka kima cha chini cha ukubwa wa kiwanja. Lazima ukuruhusu angalau futi za mraba 800, kama mita za mraba 74, ukiacha futi 4 pembeni na nyuma. Ombi lililokamilika linajibiwa ndani ya siku 60, bila kikao cha majirani cha kukujadili. Nyumba ndogo chini ya futi 750 hailipi ada za maendeleo. Ukigeuza gereji, hawakudai maegesho mengine.

Kilichonigusa ni kwamba walikiri kwenye sheria kuwa mtu ana haki ya kuwa na nyumba mbili kwenye kiwanja kimoja. Sisi tunabishana kuhusu neno "kawaida" kwa sababu hakuna aliyetuandikia ukubwa wala masharti.

#23 Nyoka_wa_Kibisa

Kwa hiyo mama mkwe analala gereji? Msukuma, ng'ombe wa mahari utawaongeza 😂

#24 Msukuma_Sacramento

Ana jiko, bafu na dirisha la kutazama bustani, na funguo anazo yeye. Ameniambia hahami.

#25 Kalamu_na_Wino

#22, futi 4 ni mita 1.2 hivi. Kumbe hatupishani sana na 1.5 ya Mpimaji. Tofauti iko kwenye muda wa kujibiwa na uwazi wa maandishi. Je, huko mnaweza kuuza nyumba ndogo peke yake? Hilo lingemsaidia Dogo_Mbagala.

#26 Msukuma_Sacramento

Zamani hapana. Sheria ya 2023 imewapa miji hiari ya kuruhusu, na San Jose ilikuwa ya kwanza kuruhusu, 2024. Mji usipochagua hivyo, nyumba ndogo inabaki chini ya hati moja na ile kubwa.

#27 Kiguu_na_njia

Kwa nini sisi tusigawe tu kiwanja? 450 gawa kwa mbili, kila mmoja na hati yake, ugomvi umekwisha.

#28 Mpimaji_wa_zamani

Vinatoka viwili vya 225, na hivyo viko chini ya kima cha kiwanja cha makazi kwenye eneo lililopimwa. Mipango miji hawatapitisha. Maeneo ya urasimishaji, yaani yaliyojengwa kabla ya kupimwa, ni jambo lingine, kule wanapima kilichopo. Tena cha nyuma kingekosa njia. Sheria ya kumiliki sehemu ya jengo ya 2008 ipo, lakini ilikusudia maghorofa, na gharama yake kwa chumba kimoja na sebule haina maana.

#29 Shangazi_Luku

Nami nina swali. Kodi ya jengo inakatwa kwenye luku. Banda likiwa na luku yake, mama atakatwa mara mbili? Mimi nina mita tatu kwenye kiwanja kimoja na zote zilianza kukata, 1,000 kila moja.

#30 Kalamu_na_Wino

Shangazi, 1,000 ilikuwa ya 2021 ilipoanza. Tangu Julai 2023 ni 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida. Ya ghorofa inahesabiwa kwa sakafu. Kodi ni ya jengo, haihesabiwi kwa mita. Mita zikiwa nyingi kwenye jengo moja unapeleka taarifa zile nyingine ziondolewe. Na mzee wa miaka 60 kwenda juu anayeishi kwenye nyumba yake ana msamaha, mama wa dada #1 aulizie.

#31 Shangazi_Luku

Asante. Ila hujanijibu: banda ni jengo moja na nyumba, au jengo la pili?

#32 Kalamu_na_Wino

Hapo ndipo tuliporudi kwenye #1.

#33 Mzee_wa_Ilala

Na jibu langu liko #6.

#34 Fundi_Goba

Nina wazo ambalo halijaguswa. Msijenge banda. Ungeni. Toa ukuta wa banda kwenye ukuta wa nyuma wa nyumba kubwa, paa moja, mlango wa ndani kati ya jiko na kisebule cha mama. Hapo una jengo moja limeongezwa, wala si mawili. Sharti la hati halijaguswa. Na usiku mama akiita unamsikia.

#35 Mpimaji_wa_zamani

Fundi, leo umenishangaza kwa wema. Ni kweli kwamba nyongeza ya jengo ni rahisi kuliko jengo jipya kwa tafsiri ya lile sharti. Bado inahitaji kibali, lakini ubishi wa "jengo kuu la pili" unapungua. Na kwa vipimo vya dada, kuunga kunasogeza msingi mbali na mwembe kwa zile 2.5 zote.

#36 Mama_Sinza

Ila angalieni dirisha la chumba cha nyuma cha nyumba kubwa. Mkiunga, litafunguka kwenye sebule ya mama. Chumba kisicho na hewa Dar mwezi wa pili ni oveni.

#37 Wakili_mtazamaji

Na mkiunga, siku ya kugawana mirathi ni jengo moja kweli kweli. Kwa upande wa hati mmepata, kwa upande wa Dogo_Mbagala mmejiongezea. Mshauri wa ujenzi na mshauri wa mirathi watakupa majibu yanayopingana hapa, dada, na wote wawili watakuwa sahihi.

#38 Mwana_Buru

Kwetu wengi waliunga hivyo hivyo. Jirani yetu aliunga, kisha akatoboa mlango wa nje, kisha akaziba wa ndani, kisha akapangisha. Ukimuuliza anasema ni nyongeza.

#39 Binti_wa_Uani

Wakuu, naleta mrejesho. Zimepita wiki tano.

Kwanza, mirathi. Nilimpigia kaka mkubwa, tulikuwa hatujazungumza kwa muda mrefu. Nikamweleza mama alivyoanguka. Akanyamaza, kisha akasema, "Kwa nini hamkuniambia?" Alikuja kutoka Morogoro kesho yake. Tumekubaliana mama na yeye wawe wasimamizi kwa pamoja, tumeshapeleka maombi mahakamani, tunangoja tarehe. Pia tumeandika karatasi ya kurasa mbili: nani anatoa fedha ya ujenzi, kiasi gani, na kwamba siku ya kugawana fedha hiyo itarudishwa kwanza kabla ya mafungu. Wakili mmoja ameipitia. Dogo_Mbagala, kaka aliposita kusaini nilimsomea posti yako. Akachukua kalamu.

Pili, nimekwenda kwa maafisa na mchoro wa mkono. Wawili, siku mbili tofauti. Wa kwanza alisema kanyumba ni jengo la nje la kawaida, tatizo halipo, alimradi lisizidi nyumba kubwa na niache 1.5. Hata jiko halikumsumbua. Wa pili alisema jiko ndilo tatizo, niandike "stoo" kwenye mchoro kisha nitumie nitakavyo. Sikulipenda hilo. Sitaki mama yangu aishi kwenye karatasi kama stoo.

Tatu, kuhusu kuunga: mama amekataa. Anasema akitaka kulala na sisi angelala na sisi tangu mwanzo. Anataka mlango wake.

Mwembe unabaki. Tumesogeza banda kushoto, na shimo la zamani tutalifukia na kuchimba jipya mbele, kwenye njia ya gari.

#40 Mama_Sinza

Mungu akujalie. Shimo likae karibu na geti.

#41 Mpimaji_wa_zamani

Usikubali kuandika stoo. Mkaguzi wa kesho atakuta kitanda, na kibali chako kitahesabika cha kitu kingine. Omba kwa jina lake: makazi ya mzazi, na jiko lionekane. Wa kwanza amekupa tafsiri nzuri, mwombe aiandike.

#42 Kiguu_na_njia

Mkuu, hapo mnatofautiana na wewe mwenyewe. #4 ulisema likiwa na jiko lake ni nyumba ya pili.

#43 Mpimaji_wa_zamani

Nilisema afisa ana haki ya kusema hivyo. Na mwingine ana haki ya kusema vingine, kwa sababu neno lenyewe halina kipimo. Nilisaini vibali kwa tafsiri yangu miaka 22, na aliyekaa kiti cha pili kwenye chumba kile kile alikuwa na yake.

#44 Pwani_Mpya

Nimesoma uzi wote leo, hongereni. Mimi ninayo barua. 2021 niliomba kibali cha nyumba ya uani kwa ajili ya baba, nikaandika jiko waziwazi. Nilijibiwa kwa maandishi kwamba naruhusiwa kwa sharti kwamba jengo la nyuma lisipangishwe na lisiwe na geti lake la barabarani. Ukubwa haukuguswa wala jiko halikutajwa. Kwa hiyo kwa afisa wangu, kilichotofautisha jengo kuu na jengo la nje kilikuwa geti na mpangaji.

Baba amefariki mwaka jana. Chumba kipo, kina kitanda chake na redio, na kijana wa jirani anaoa mwezi ujao amekuja kuniuliza kama napangisha. Sijui nimjibu nini. Wakili_mtazamaji, sharti la kwenye kibali linaisha lini?

#45 Wakili_mtazamaji

Pole kwa msiba. Kibali kinasema nini kwenye ukurasa wa mwisho? Kipige picha ukurasa huo tu, funika majina na namba ya kiwanja, uweke hapa tuusome pamoja.